Uliza Mwalimu: Mji uliochorwa kwanza, watu wakaja baadaye

Katika toleo lililopita niliitaja Christiansfeld kwa sentensi mbili tu, nilipokuwa nikimjibu msomaji aliyeuliza kuhusu miji iliyopangwa kabla ya kujengwa. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nilivyotarajia, basi safu nzima ya leo naitoa kwa mji huo mdogo wa kusini mwa Denmark. Niliwahi kukaa Kolding, mji ulio kaskazini yake, kwa miezi kumi na minne, nikijifunza kukarabati majengo ya zamani. Karibu kila Jumamosi nilipanda basi nikaenda Christiansfeld, chini ya nusu saa njiani, mfukoni nina futi ya kupimia na daftari. Kwa hiyo mengi ya hapa chini ni ya macho yangu, na mengine ni ya historia iliyoandikwa.

*Shikamoo Mwalimu. Ulisema Christiansfeld ilichorwa kwanza ndipo watu wakaja. Mji unachorwaje kabla ya kuwa na watu? Na mfalme aliyewaita wageni waje kujenga kwenye ardhi yake alitaka nini? — Msomaji wa Dodoma*

Marahaba. Nianze na mfalme, maana pasipo yeye pale pangebaki shamba.

Mfalme wa Denmark wakati huo alikuwa Christian wa Saba. Alikuwa kijana mwenye maradhi ya akili, na mtu aliyeshika mambo ya serikali kwa muda mfupi alikuwa daktari wake, Johann Friedrich Struensee, Mjerumani aliyependa mageuzi kuliko alivyopenda usalama wake. Mwaka 1768 mfalme alikuwa safarini Ulaya pamoja na daktari huyo, na huko Uholanzi waliuona mji wa Zeist, walikoishi Wamoravian, yaani Wakristo wa Kiprotestanti wa kanisa la Moravian. Waliona mafundi hodari, nyumba safi, bidhaa zinazouzika, na watu wanaolipa madeni. Denmark ilihitaji mafundi wa namna hiyo. Katika miji yake ya kawaida kazi ya ufundi ilifungwa na vyama vya mafundi: huwezi kuoka mkate wala kutengeneza kiti cha kuuza mpaka chama cha kazi hiyo kikupokee, na vyama havikupenda wapya.

Basi Wamoravian wakaahidiwa mambo ambayo mtu wa kawaida wa Denmark hakuyapata. Waliruhusiwa kuabudu kwa namna yao katika nchi ya Kilutheri. Vyama vya mafundi havingekuwa na mamlaka juu yao. Vijana wao hawangeandikishwa jeshini. Kodi walisamehewa kwa miaka 10, na kila aliyejenga nyumba alirudishiwa asilimia 10 ya gharama. Mimi nilifundisha michoro ya ujenzi miaka mingi, na kila nikifika kwenye hiyo asilimia 10 nasimama kidogo. Mfalme hakujenga hata nyumba moja ya mji ule. Alilipa sehemu ndogo ya kila nyumba, na sehemu hiyo ikatosha kumfanya mtu aanze msingi mwaka huu badala ya mwakani.

Struensee hakuuona mji. Alikamatwa Januari 1772, na Aprili mwaka huohuo akakatwa kichwa, kwa sababu zisizohusiana na Wamoravian. Mambo mengi aliyoyaanzisha yalifutwa haraka na waliomwangusha, lakini ruhusa ya Wamoravian ilibaki. Wawakilishi wao, mmojawapo Jonathan Briant, wakanunua shamba la Tyrstrupgård lililokuwa la mfalme, katika jimbo la Schleswig, kando ya njia iendayo Haderslev kutoka Kolding. Tarehe 1 Aprili 1773 likawekwa jiwe la msingi. Mji ukapewa jina la mfalme: Christiansfeld, yaani shamba la Christian.

Sasa mchoro. Chukua karatasi uchore pamoja nami. Chora mistari miwili sambamba kutoka magharibi kwenda mashariki. Wa kusini ni mtaa wa Lindegade, wa kaskazini ni Nørregade. Katikati yao acha mraba mtupu, huo ni uwanja wa kanisa. Upande mmoja wa mraba weka jumba la ibada. Nyumba ya wanaume wasiooa iwe upande wake, nyumba ya wanawake wasioolewa upande wake, na nyumba ya wajane isiwe mbali. Familia zijipange kwenye mitaa miwili, nyumba zikigusana, mlango ukitazama barabara na bustani ikiwa nyuma. Makaburi yawe nje kidogo, kwenye mwinuko, na njia iendayo huko ipandwe miti ya linde pande zote mbili. Umemaliza. Huo ndio mji, na ukienda leo utauona vilevile.

Hawakuubuni pale pale. Wamoravian walikuwa wamekwisha kujenga miji ya aina hiyo tangu wakimbizi kutoka Moravia walipopokewa kwenye ardhi ya mwungwana Zinzendorf huko Saksonia mwaka 1722, wakaanzisha Herrnhut. Kila mji mpya ulijifunza kwa uliotangulia. Ndiyo sababu Christiansfeld ilipanda haraka namna ile: nyumba ya wageni ilianza mwaka 1773, Nyumba ya Ndugu, yaani ya wanaume wasiooa, ikafuata mwaka 1774, Nyumba ya Dada, ya wanawake wasioolewa, mwaka 1776, jumba la ibada likakamilika mwaka 1777, na nyumba ya wajane ikasimama miaka michache baadaye. Tazama walichotanguliza. Walijenga kwanza mahali pa kulala wageni, ili mafundi na watu waliokuja kuangalia wapate kitanda. Hoteli ya jumuiya ipo mpaka leo kwenye Lindegade, na mimi nimekunywa kahawa humo nikiwa na vumbi la chokaa kwenye viatu.

*Mwalimu, nimesoma kwamba katika mji huo wanaume na wanawake walitenganishwa. Je, ilikuwa kama gereza? Nauliza kwa uzito, maana dada yangu aliishi kwenye bweni la kanisa na hakulipenda. — Msomaji wa kike, Morogoro*

Mwanangu, nimelifikiri swali lako siku kadhaa.

Ni kweli waligawanywa. Wamoravian waliita makundi yao kwaya, ingawa hayakuwa ya kuimba tu: watoto, wavulana, wasichana, wanaume wasiooa, wanawake wasioolewa, wenye ndoa, wajane. Kila kwaya ilikuwa na viongozi wake na ibada zake. Mvulana aliyefikia umri wa kujifunza kazi alihamia Nyumba ya Ndugu, akapewa fundi wa kumfundisha. Msichana alikwenda Nyumba ya Dada. Wanawake walivaa kofia nyeupe zenye utepe chini ya kidevu, na rangi ya utepe ilitangaza hali yao: mwekundu kwa wasichana, wa waridi kwa wasioolewa, wa buluu kwa wenye ndoa, mweupe kwa wajane. Mtu akija mbele yako barabarani ulijua habari zake kabla hajasalimia.

Na ndoa zenyewe zilipigiwa kura, kama mitume walivyompata Mathiya. Mwanaume na wazee wa jumuiya walipendekeza jina, kisha kura ikaulizwa kama ni mapenzi ya Mungu. Jibu likiwa hapana, mambo yaliishia hapo. Mwanzoni mwa karne ya 19 desturi hiyo iliachwa, kwa sababu vijana wenyewe waliikataa. Nadhani walikuwa na haki.

Lakini nikueleze na upande wa pili, maana niliuona kwenye kuta. Nyumba ya Dada si chumba cha adhabu. Ni jengo kubwa lenye madirisha marefu, na mwanga unaingia pande mbili. Wanawake wa Denmark wa miaka ya 1780 wasiokuwa na mume walikuwa na njia chache sana: kuwa mzigo kwa kaka, au kuwa mtumishi kwenye jikoni la mtu. Pale ndani walifanya kazi zao wenyewe, walisokota, walifuma, walidarizi, waliuza. Waliongozwa na mwanamke mwenzao na walifundishwa kusoma na kuandika. Shule za bweni za mji, ya wavulana na ya wasichana, zilipata sifa hadi familia tajiri zisizo za Wamoravian zikaleta watoto kutoka mbali. Kwa msichana wa zama zile, shule kama hiyo lilikuwa jambo zito.

Mama mwenye nyumba niliyopanga kule Kolding alikuwa amezaliwa katika jumuiya ya Christiansfeld. Nilimuuliza swali lako, karibu kwa maneno hayohayo. Aliniambia shangazi yake mkubwa aliishi Nyumba ya Dada maisha yake yote, na alipozeeka alikuwa na ufunguo wa chumba chake mwenyewe. Halafu akasema: "Mama yangu hakuwahi kuwa na chumba chenye ufunguo wake." Sikuweza kuongeza neno. Pole kwa dada yako. Bweni alilokaa yeye silijui, na sitaki kulitetea kwa kutumia jingine.

*Nimeangalia, wakazi wa Christiansfeld leo ni kama 3,000 tu. Mji ulioanza kwa kasi hivyo mbona haukukua? — Msomaji wa Mwanza*

Uliza vizuri zaidi: mbona ulikua miaka thelathini tu, kisha ukasimama? Maana hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kufikia miaka ya 1790 ilibidi hata jumba la ibada lipanuliwe. Bidhaa za mji zilijulikana nchini: sabuni, mishumaa, tumbaku, nguo, majiko ya vigae ya kupashia nyumba joto, na keki za asali nitakazozitaja chini. Kisha ukimya.

Kilichotangulia kuondoka ni ile faida ya mwanzo. Kodi iliyosamehewa kwa miaka 10 ilianza kulipwa. Na katikati ya karne ya 19 vyama vya mafundi vilipoteza nguvu kila mahali, hivyo uhuru waliokuwa nao watu wa Christiansfeld peke yao ukawa wa kila mtu. Viwanda vya mvuke vikaanza kutengeneza kwa bei rahisi vitu vilevile ambavyo Nyumba ya Ndugu ilitengeneza kwa mkono.

Halafu ikaja vita ya mwaka 1864. Prussia, dola ya Kijerumani, na Austria ziliishinda Denmark, na Schleswig ikachukuliwa. Mpaka mpya ukapita kaskazini mwa Christiansfeld, kati yake na Kolding. Fikiria duka lako lina wateja wako wa kudumu, na asubuhi moja wateja hao wako nchi nyingine na kati yenu wamesimama maofisa wa ushuru. Kwa miaka 56 mji uliopewa jina la mfalme wa Denmark ulikuwa ukingoni mwa Ujerumani. Wanaume wa Schleswig ya kaskazini waliitwa kwenye jeshi la Ujerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kama 30,000, na zaidi ya 5,000 hawakurudi. Katika vijiji vya huko utakuta majina yao kwenye mawe ya kumbukumbu, majina ya Kidenmark yaliyofia upande wa Kaizari.

Sababu ambayo watu huisahau, na mimi kama mtu wa ramani siisahau, ni reli. Njia kuu ya reli kutoka Kolding kwenda kusini haikupita Christiansfeld. Ilipita magharibi yake, Vamdrup, kisha Vojens. Vojens haikuwa kitu kabla ya reli. Ilizaliwa na stesheni. Christiansfeld ilikuja kupata reli nyembamba ya wilaya baadaye sana, nayo haikudumu. Karne ya 19 mji ulioachwa na reli kuu ulikuwa umeambiwa ubaki ulivyo.

Tarehe 10 Februari 1920 watu wa Schleswig ya kaskazini walipiga kura ya maoni, na karibu 75 katika kila 100 wakachagua Denmark. Tarehe 10 Julai mwaka huo Mfalme Christian wa Kumi alivuka mpaka wa zamani akiwa amepanda farasi mweupe, akaelekea Christiansfeld na Haderslev katikati ya umati unaolia na kuimba. Baada ya hapo mji uliongezeka, lakini kwa nje. Nyumba mpya za karne ya 20 ziliuzunguka ule mraba wa zamani, shule zikajengwa, kiwanda cha maziwa kikaja ambacho leo ni cha kampuni ya Arla, na barabara kuu ya E45 ikapita karibu, hivyo wengi wanalala Christiansfeld na kufanya kazi Kolding au Haderslev. Kwa muda ilikuwa na manispaa yake. Tarehe 1 Januari 2007 Denmark ilipounganisha manispaa 271 zikawa 98, sehemu kubwa ya manispaa hiyo ikaingizwa Kolding, na sehemu ndogo ya kusini Haderslev.

Kwa hiyo msomaji wangu wa Mwanza, kila kilichouzuia mji kukua ndicho kilichozuia mtu kuja kubomoa Lindegade ajenge ghorofa tano. Hakuna aliyepanga kuuhifadhi. Palikosekana fedha ya kuuharibu. Tarehe 4 Julai 2015 UNESCO iliuandika kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2024 miji mitatu ya Wamoravian ikaunganishwa nao: Herrnhut ya Ujerumani, Bethlehem ya Pennsylvania na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini.

*Mimi ni fundi mwashi. Picha uliyoweka inaonyesha kuta za matofali ya manjano, hazina plasta, na umesema zina miaka karibu 250. Walichanganya nini? — Fundi, Iringa*

Fundi, barua yako nimeifurahia kuliko zote.

Walichanganya chokaa na mchanga. Saruji ya leo haikuwapo. Na usidhani chokaa ni saruji dhaifu; ni kitu kingine kabisa. Udongo wa chokaa unakauka taratibu kwa kuvuta hewa, unabaki laini kuliko tofali, na unaruhusu unyevu upite. Nyumba ikisogea kidogo, kiungo kinakubali na tofali linabaki zima. Mvua ikiingia ukutani, maji hutoka kupitia viungo.

Nikueleze kosa langu. Wiki ya tatu ya mafunzo tulipewa kipande cha ukuta wa zamani, viungo vimekwisha kuliwa na hali ya hewa, tujaze upya. Mimi nilitaka kazi iliyo imara. Nikaongeza saruji kwenye mchanganyiko bila kuuliza, viungo vikatoka vigumu na vizuri, nikajisifu moyoni. Fundi mkuu alikuja, akagonga kwa kucha, akanyamaza. Kisha akanichukua nyuma ya jengo, akanionyesha ukuta uliotengenezwa hivyo na mtu mwingine miaka ishirini nyuma. Viungo vya saruji vilisimama wima kama mbavu, na matofali katikati yao yalikuwa yamemeguka nyuso zote, vumbi jekundu limejaa chini. Maji yalishindwa kupita kwenye saruji, yakakaa ndani ya tofali, na baridi ya Januari ilipoyagandisha yakatanuka na kulipasua. Nilitumia siku mbili kukwangua saruji yangu kwa patasi ndogo, vidole vimekufa ganzi. Tangu hapo sijaupenda ukuta unaoonekana na nguvu kuliko matofali yake.

Ukienda Christiansfeld angalia pia vipimo. Madirisha ya nyumba za familia yanalingana upana, mistari ya paa za vigae vyekundu inafuatana, na mapambo karibu hakuna. Nyumba ya tajiri na ya fundi viatu zinatofautiana kwa urefu tu. Miaka ya 2000 mifuko mikubwa ya hisani ya Denmark ilitoa fedha za kukarabati majengo makuu, na kazi ilifanywa kwa chokaa.

Ndani ya jumba la ibada ingia polepole. Hakuna madhabahu, hakuna sanamu, hakuna mimbari ya juu. Kila kitu ni cheupe: kuta, dari, mabenchi. Sakafu ni ya mbao iliyonyunyiziwa mchanga mweupe, na unausikia chini ya viatu. Wanakaa watu kama 1,000, na katikati hakuna hata nguzo moja. Hakuna jumba la kanisa lisilo na nguzo lililo kubwa kuliko hilo Denmark. Nilikaa nusu saa nikitazama dari na kujiuliza mizigo ya paa inashukia wapi. Jibu liko darini juu, kwenye maboriti makubwa ya mbao yaliyofungwa pembetatu, na ukipata ruhusa ya kupanda, panda.

*Mwalimu, sisi wa Rungwe tulifundishwa kwamba Wamoravian walifika kwetu mwaka 1891. Je, walitoka Christiansfeld? Na hao watu walisema nini juu ya utumwa? — Msomaji wa Tukuyu*

Waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa Wajerumani waliotumwa kutoka Herrnhut. Christiansfeld inawahusu zaidi ndugu zetu wa Unyamwezi: baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa, Wadenmark walichukua kazi ya upande wa Tabora na Sikonge, na shirika lao la misheni, Brødremenighedens Danske Mission, lina makao yake Christiansfeld.

Utumwa. Hapa nitasema lote, kwa sababu nalipenda kanisa hili na sitaki lisifiwe kwa nusu ya habari. Mwaka 1731 Zinzendorf alikuwa Copenhagen kwenye kutawazwa kwa Mfalme Christian wa Sita. Huko alikutana na mtumishi mweusi aliyeitwa Anton, kutoka kisiwa cha St. Thomas, koloni la Denmark katika Karibi. Anton alimweleza kwamba dada yake na kaka yake wako utumwani kule na wanatamani kusikia Injili. Mwaka 1732 Wamoravian wawili wakaenda St. Thomas, na hiyo ndiyo misheni yao ya kwanza. Walifundisha watumwa kusoma, na wenye mashamba waliwachukia kwa hilo. Lakini haukupita muda mrefu Wamoravian wenyewe wakanunua shamba kisiwani, pamoja na watumwa waliokuwamo, na wakawamiliki kwa vizazi. Waliitana ndugu na dada kanisani, na Jumatatu mmoja wao alikuwa mali ya mwingine. Utumwa katika visiwa vile ulikoma mwaka 1848, baada ya watumwa wenyewe kuinuka. Mji wa Christiansfeld ulijengwa katika miaka hiyohiyo ya utumwa na watu wa jumuiya hiyohiyo. Ukiusoma uzuri wa Lindegade, na haya uyasome.

*Keki za asali ni nini hasa, na zina ladha gani? — Msomaji wa Tanga*

Zimeokwa Christiansfeld tangu mwaka 1783. Ni unga, asali na viungo vya harufu kama mdalasini na karafuu, vya kwenu kule pwani mnavijua. Unga wa keki za asali hukandwa na asali kisha ukaachwa upumzike kwa muda mrefu kabla ya kuokwa, hivyo keki inakuwa nzito, kahawia, laini ndani na si tamu sana. Nyingine hukatwa umbo la moyo na kupakwa chokoleti. Kula na kahawa isiyo na sukari.

*Bado watu wanaishi huko, au ni makumbusho tu sasa? — Mwanafunzi, Dar es Salaam*

Wanaishi. Jumuiya ya Moravian bado ina ibada katika jumba lile jeupe, na nyumba za Lindegade zina watu, mapazia na baiskeli mlangoni. Desemba wanatundika nyota kubwa ya karatasi yenye ncha nyingi, ambayo Wamoravian wa nchi zote wanaijua. Na kila asubuhi wengine wao wanasoma neno la siku kutoka kwenye kijitabu kilekile ambacho kimetoka kila mwaka tangu 1731.

Ukifika, usimalize kabla hujapanda kwenye makaburi, wanayoyaita Shamba la Mungu. Mawe yote yamelala chini, yote ya umbo moja na ukubwa karibu mmoja, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Hakuna kaburi la familia. Unazikwa karibu na aliyekutangulia kufa, awe mwoka mikate au mkuu wa shule. Katika makaburi mengi ya Denmark kaburi hufutwa baada ya miaka kadhaa nafasi itumike tena; pale halifutwi, hivyo mstari unaanza na waliojenga mji na kuendelea hadi mwaka huu. Mama mwenye nyumba wangu alinionyesha jiwe la shangazi yake wa Nyumba ya Dada. Alikuwa ameleta brashi ndogo na chupa ya maji. Alipiga magoti, akasugua ukungu kwenye herufi, akanipa mimi brashi nimalizie la jirani yake, mwanamke ambaye hakuna kati yetu aliyemjua.